Mnara Usiopiga Hodi

Spana ya chuma ilimshukia Shinawa kwenye mkono wa kulia, na mfupa ukalia kama kuni kavu. Hakupiga kelele papo hapo. Aliutazama kwanza mkono uliopinda mahali pasipo kiungo, ndipo akafumbua kinywa, na yowe lake likawatoa watu madirishani mtaa mzima wa Saylo.

"Nani kakupa ruhusa ya kupanda paa la dada yangu?" Chasib alimuuliza, kisha bila kungoja jibu akamtia teke la mbavu. "Sema! Nani?"

"Mwenye nyumba! Muhaibis mwenyewe, wallahi tena!"

"Mwongo, mtoto wa mwongo!" Teke la pili likampata mdomoni, na jino likaruka likagonga tangi la maji.

Huyu Chasib alikuwa mtu wa miaka arobaini na kitu, mwembamba, mwenye mikono mirefu, na mnara wake wa mtandao ulisimama upande wa mashariki wa mtaa wetu hapa Basra. Tulimwita Abu Ghayib, baba wa asiyekuwepo, maana ndivyo tunavyomwita mwanamume ambaye Mungu hakumjalia mtoto. Mke alishamkimbia zamani. Hasira yake ilikuwa ikitangulia, akili ikija nyuma inahema, na ikifika inakuta mtu ameshalala chini. Aliyelala chini siku hiyo, Shinawa, alikuwa fundi wa Khayun, mwenye mnara wa magharibi.

"Chasib! We mwendawazimu, mwache!"

Fadhila alitokea kwenye mlango wa ngazi, unga wa mkate umemjaa hadi viwikoni. Huyu ndiye dada yake mkubwa, aliyembeba mgongoni tangu mama yao alipofariki, akamlisha, akamchapa, akampeleka shule. Alimshika ndugu yake kifuani kwa mikono miwili, akamsukuma hadi ukutani, na alama za vidole vya unga zikabaki kwenye kanzu yake.

"Nimemkuta kashika dishi langu, dada! Analigeuza!"

"Hajagusa lako. Anafunga la Khayun. Mume wangu Muhaibis kasemwa na ukoo wake mpaka kachoka. Eti, wewe ni Albu Jarih, unakulaje mtandao wa Albu Shatit, ukoo wa mkeo? Basi kakubali yaishe. Madishi mawili kwenye paa moja, yanamng'ata nani?"

"Na mtandao wako kukatika kila dakika? Nani anaukata kama si mbwa hawa?"

"Mimi sijui nani anakata. Najua huyu anatoka damu kwenye paa langu." Alimgeukia Shinawa, akamfunga mkono kwa kanga ya kukamulia jibini, huku akizungumza na ndugu yake bila kumtazama. "Nisikilize, mwana wa mama. Mimi nimeolewa kwa watu hawa. Mkono utafungwa plasta, jino tutaliomba radhi. Lakini siku roho ya mtu itakapotoka kati yenu na wao, wazee wao watamwita Muhaibis wamwambie achague, mke au ukoo. Nami nitatoka mlango ule na furushi la nguo, na wanangu Zamzam na Rabab watabaki huku wanalia. Umenielewa? Usiniletee maiti."

"Sitakuletea."

"Apa."

"Naapa kwa kaburi la mama."

Aliapa kwa moyo wake wote, hilo nakubali. Chasib hakuwa na mtu mwingine duniani. Wasichana wale wawili wakimwona kwenye simu hupiga kelele "Mjomba! Mjomba!" mpaka kioo kinatetemeka, na yule mtu ambaye mtaa mzima ulimwogopa alikuwa akijifunika taulo kichwani na kujifanya ngamia ili wacheke. Mtandao wa nyumba ile aliuweka yeye kwa mikono yake, kwa ajili ya kelele zile tu. Basi kila kelele ilipokatikia njiani, yeye aliona kuna mtu anamnyang'anya watoto.

Na sasa niwaambie ulikokuwa ugomvi wenyewe, maana kwetu watu wamechinjana kwa sababu ya maji na kwa sababu ya mbuzi, lakini hili la hewa lilikuwa jipya.

Mtandao wetu hauji kwa waya. Waya ukiutandaza leo, kesho umeshaibwa. Unakuja hewani, kutoka mnara hadi dishi juu ya paa, na hewa haina ukuta wala hati miliki. Njia ni moja, wasemaji ni wengi. Waliotengeneza vifaa hivi, huko waliko, walilijua hilo, wakavitia adabu tumboni. Kifaa kikitaka kusema, kwanza kinasikiliza. Kikisikia mwenzake anasema, kinanyamaza. Mwenzake akimaliza, hakirukii. Kinangoja kidogo, kila kimoja kwa bahati yake, huyu muda mfupi, yule mrefu, ili wasifumbue vinywa pamoja. Wakigongana bado, maneno ya wote wawili yanaharibika, na kila mmoja anajiongezea muda wa kungoja kabla hajajaribu tena. Laiti wanaume wa Basra wangetengenezwa na kiwanda hicho.

Ila kuna kasoro moja. Kifaa kinaweza kusikiliza kisisikie kitu, si kwa kuwa kumetulia, bali kwa kuwa kuna kizuizi. Kwa hali hiyo kuna adabu ya pili, nayo ni hodi. Mnara, kabla ya kumwaga maneno yake, unapiga hodi kwenye dishi la nyumbani. Dishi linajibu karibu. Ile karibu inasikika pande zote, na mnara mwingine ulio nyuma ya kizuizi ukiisikia unajua kwamba nyumba ile ina mgeni, unafunga mdomo mpaka mgeni amalize.

Chasib aliyajua haya yote, na ndicho kinachonichoma mimi. Alikuwa akitufundisha pale kwenye duka la chai kwa kupanga vikombe mezani. Lakini hodi inakula muda. Mtandao unapungua kasi kidogo, na wateja wanaanza kumsifia Khayun. Basi kwenye skrini yake kulikuwa na kisanduku cha hodi chenye alama ya tiki, naye akaiondoa. "Mnara wangu hauombi ruhusa kwa mtu," alisema, na sisi wajinga tukacheka tukampigia makofi. Khayun naye si malaika, alifanya vilevile wiki iliyofuata.

Na katikati ya minara yao lilisimama saylo, lile ghala la nafaka la zege, refu kupita mnara wa msikiti, lenye matundu ya mizinga ya vita vya zamani. Mnara wa Chasib ulisikiliza, ukasikia zege, ukadhani ni kimya, ukasema. Wa Khayun vivyo hivyo. Paa la Fadhila liko upande wa kusini, kwenye pembe, linaiona minara yote miwili, na hapo ndipo maneno yao yalipogongana yakawa uji. Chasib akifungua skrini yake anaiona chaneli, ile njia ya hewani, ni nyeupe, haina mtu. Sasa kama njia ni nyeupe na mtandao wa dada unakatika, si kuna mtu anaukata? Hakuna mtu aliyekuwa akihujumu mtu. Walikuwa wanaume wawili viziwi wakimpigia kelele mwanamke mmoja, na kila mmoja akidhani ndiye anayezimwa.

Albu Jarih, ukoo wa Khayun, hawakulala na mkono wa Shinawa. Alasiri ile ile zilikuja pikapu nne, zikasimama mbele ya nyumba ya Chasib, na vijana wakaimwagia risasi kutoka chini hadi juu. Ni taarifa, ndivyo tunavyotoa taarifa kwetu. Jokofu lilitobolewa likavuja, tangi likapasuka, maji yakashuka ngazini kama yamealikwa. Chasib alijilaza nyuma ya ukuta wa paa na bunduki ya marehemu baba yake, akajibu. Alimpasua mmoja shavu, akatoboa magurudumu mawili, na pikapu ya mwisho ikaondoka ikiburuza vyuma. Ukutani waliacha rangi nyekundu: ANATAKIWA NA ALBU JARIH.

"Wameandika vibaya hata jina la ukoo wao," Chasib aliwaambia binamu zake waliokuja mbio na silaha. Wakacheka.

Asubuhi alikwenda sokoni, akamkuta mdogo wa Khayun ananunua samaki. Alimshika kisogo akambamiza uso kwenye mizani mara mbili, mbele ya watu, magamba na damu vikachanganyika. Jioni watu wa Khayun wakaupiga mnara wa Chasib risasi, madishi matatu yakaanguka barabarani. Kesho yake Chasib akalipua jenereta ya Khayun kwa chupa ya petroli, na mlinzi wake akatoka ndani nywele zinawaka, akajitupa mferejini. Hasira hasara, wazee walisema, na wazee wenyewe walikuwa wakisema hayo huku wanajaza risasi.

Bado hakuna roho iliyotoka. Kila jioni Chasib alilihesabu hilo kama mtu anayejipapasa mfukoni. Nimevunja, nimechoma, nimepasua, lakini sijaua. Dada yangu yuko nyumbani kwake.

Ndipo Sayyid Dakhil akaingia kati. Sayyid alikuwa mzee wa kilemba cheusi ambaye koo zote mbili zilibusu mkono wake, na alipotamka neno suluhu, bunduki zikashuka hadi Ijumaa. Wakutane baada ya sala, alisema. Nyumbani kwa Muhaibis, maana Muhaibis ni Albu Jarih kwa damu na shemeji wa Albu Shatit kwa ndoa, na hakuna nyumba nyingine mtaani ambayo pande zote zimekula chumvi yake.

Alhamisi jioni Fadhila alimpigia Chasib kwa video. Sura yake iliganda, ikafunguka, ikaganda tena kinywa kikiwa wazi.

"Chas... kesho usi... bast... nakuomba, usi..."

"Nini? Dada, sikusikii! Hao mbwa wanakata tena!"

"...haibis atakuwa kati... usije na... mwana wa..."

"Nakuja, dada! Usiogope, nakuja!"

Picha ikapotea. Aliitupa simu ukutani. Kisha akaenda kabatini akatoa bastola, akaifuta mafuta, akaijaribu kiunoni chini ya kanzu kama inaonekana. Haikuonekana.

Ijumaa, Muhaibis aliwapokea mlangoni yeye mwenyewe. Alikuwa mtu mnene wa taratibu, mguu mmoja mfupi tangu vitani, na kila hatua alikuwa kama anamsalimu mtu. Mkononi alishika dele la kahawa, tayari la moto.

"Karibu, shemeji. Leo tabasamu, hata la kuazima. Bunduki pale kwenye jamvi, Mungu akubariki. Nawe huna kitu kingine?"

"Sina," alisema Chasib.

Muhaibis akamtazama usoni, akaona haya kumpapasa shemeji yake mbele ya watu. Hilo ndilo kosa lake, maskini, na ni kosa la mtu mstaarabu. "Ingia basi. Kahawa hii imekungoja kuliko mke wangu alivyoningoja mimi kurudi vitani."

Kwetu maadui hawakalishwi chumba kimoja kabla hawajapatana. Nyumba ya Muhaibis ina vyumba viwili vya wageni, kimoja kila upande wa ua, na ukuta mnene wa matofali. Albu Shatit waliketi mashariki, Albu Jarih magharibi, Sayyid Dakhil katikati ya ua kwenye kiti cha plastiki. Utaratibu ni kwamba upande mmoja unampa Sayyid neno lake, mwingine unangoja kimya. Sayyid anavuka ua, analifikisha, kisha anarudi na jibu. Mbele ya kila mkubwa kuna kikombe kidogo cha kahawa, nacho hakinywewi mpaka ombi lake likubaliwe. Siku hiyo vikombe viwili vilikuwa vinapoa.

Mambo yalianza vizuri, wallahi. Mkono wa Shinawa ukafutana na matundu ya nyumba ya Chasib. Mizani ya sokoni ikafutana na madishi matatu. Jenereta ilileta maneno kidogo, Sayyid akavuka ua mara kadhaa akipangusa jasho, nayo ikaisha. Muhaibis alichechemea nyuma yake na dele, akiongeza kahawa kwa wasiohusika na kuwatania.

"Imebaki chaneli," alisema Sayyid mlangoni kwa Chasib. "Neno lako nimelichukua: ahame yeye, Khayun, atafute chaneli nyingine. Sasa nakwenda kusikia lake. Wewe ngoja. Narudia, Abu Ghayib. Ngoja."

Akaenda. Chasib akangoja. Akatazama kikombe. Kutoka ng'ambo ya ua ikaanza kusikika sauti ya Khayun. Khayun alikuwa na sauti ya dalali, hata akimsalimu mama yake ungedhani anauza ng'ombe. Ukuta uliyala maneno ukapitisha mngurumo tu.

"Anasema nini?" Chasib aliuliza.

Binamu yake aliinua mabega. "Mtu akipaza sauti hivyo, unadhani anakuombea dua?"

"Ananitukana?"

"Mimi nimesema nini?"

Sauti ikapanda zaidi. Chasib alisimama na goti lake likapiga kikombe, kahawa ikamwagika kwenye zulia. "We Khayun!" akanguruma kutoka pale pale. "Mtukane aliyekuzaa! Utauzima mnara huo au nitakuzimia na roho yako!"

Ng'ambo, Khayun akasikia mngurumo na yeye, maneno hakuyasikia, akaongeza sauti ili asikike. Chasib akaongeza. Kila mmoja alimpigia Sayyid kelele ili Sayyid amfikishie mwenzake, na Sayyid katikati ya ua aligeuza shingo huku na kule, mikono juu, kilemba kimekwenda upande.

"Mmoja mmoja! Enyi waja wa Mungu, mmoja mmoja! Sisikii hata mmoja wenu!"

Nani alimsikia? Vijana walishasimama. Mmoja akachomoka kwenda kwenye jamvi la bunduki, wa upande wa pili akamrukia, wakaanguka wakiumana. Kiti cha plastiki kikavunjikia mgongoni mwa mtu. Damu ya pua ikaruka ukutani. Khayun akatoka mlango wa magharibi, mishipa ya shingo imesimama, simu mkononi ameinua juu. Chasib akatoka mlango wa mashariki. Wote wawili bado walikuwa wanapiga kelele, na hakuna sikio lililokuwa likifanya kazi ua mzima.

Ndipo Fadhila alipotoka jikoni mbio. Alishika shaila nyeusi ya kichwani, akaivuta, akaitupa katikati ya ua.

Kwetu mwanamke akitupa shaila yake kati ya wanaume wanaopigana, kila silaha inainama. Hakuna kuuliza nani ana haki. Mwanamke ameweka stara yake chini ya miguu yenu, na atakayeikanyaga hana jina tena. Hata walioshikana koo waliachiana. Khayun alifunga mdomo, simu bado iko juu. Kimya kikaanguka, mpaka jiko la mafuta likasikika jikoni. Ni haki ya mwenye mke kuiokota shaila, na Muhaibis akapiga hatua yake ya kuchechemea mbele, dele mkono mmoja, akainama.

Chasib aliiona ile shaila. Aliiona vizuri kabisa. Lakini alisikia kimya, na kwa Chasib kimya kilikuwa na maana moja tu tangu siku nyingi: sasa ni zamu yangu. Akachomoa bastola, akamlenga Khayun, akapiga. Na Muhaibis, aliyekuwa ameinama, akainuka na shaila mkononi.

Risasi ilimwingia chini ya koromeo. Alisimama kidogo, anashangaa. Dele likamponyoka, kahawa ya moto ikamchoma miguu naye hata hakujua. Aliketi chini polepole kama mtu anayetafuta mahali pazuri pa kukaa, damu ikamtoka shingoni kwa mapigo, ikalowesha ndevu, kifua, shaila. Alijaribu kusema. Ilitoka povu. Sayyid Dakhil alimshika kichwa akamsomea shahada sikioni, na kabla hajaimaliza mara ya pili Muhaibis alikuwa ameshakwenda.

Wa kwanza kumpiga Chasib walikuwa binamu zake mwenyewe. Walimwangusha, mmoja akamkanyaga kiganja mpaka bastola ikatoka pamoja na kucha. Kisha Albu Jarih wakafika. Kitako cha bunduki kilimvunja taya, akasikia meno yanaingia kooni. Wakampiga mbavu, figo, uso, na yeye hakuinua mkono. Wangemmaliza. Ni Sayyid aliyejilaza juu yake, mzee wa watu, akala mateke yaliyokuwa si yake, mpaka Khayun alipowatawanya watu kwa kelele zile zile.

"Basi! Basi, nasema! Shaila iko chini!"

Fadhila alikuwa amepiga magoti, kichwa wazi, kichwa cha mumewe mapajani. Hakulia. Alimtazama ndugu yake pale chini.

"Kabla hujapiga," aliuliza, "Khayun alikuwa anasema nini?"

Chasib alifungua mdomo, ikatoka damu.

"Nakuuliza, Chasib. Alikuwa anasema nini?"

Hakujua. Akatikisa kichwa.

"Mwambie," Fadhila alimwambia Khayun.

Khayun aligeuza simu ili Chasib aone kioo. Ilikuwa ni skrini ya mnara wake, chaneli mpya juu, ya mbali kabisa. "Nilikuwa nasema nimeshahama," alisema, na kwa mara ya kwanza sote tulimsikia akisema kwa sauti ndogo. "Muhaibis alikuja kwangu alfajiri na mguu wake ule. Aliniomba kwa ajili ya mkewe. Nikamwambia, kwa ajili yako wewe, nahama. Nimehama tangu asubuhi. Nilikuwa nasema, mwambieni anywe kahawa yake."

Fadhila akaichukua ile shaila iliyolowa, akamfunika nayo mumewe uso. Jina la mwana wa mama hakulitamka tena.

Polisi walimpeleka Chasib hospitalini kwanza, akafungwa taya kwa waya. Matanga yalipokwisha, Sayyid alimwombea jambo moja: apelekwe akazime mnara wake, ili koo zisipigane tena juu ya chuma kile, ndipo aende gerezani. Alipanda ngazi zenye matundu ya risasi, pingu mkono mmoja tu, askari wawili wakamngoja uani chini kwa sababu ya joto.

Kitu ambacho Chasib alikiogopa hakikutokea. Wazee wa Albu Jarih hawakumtoa Fadhila kwa furushi la nguo. Walisema mwanamke aliyetupa shaila yake ili kuziokoa roho zetu ni wetu, atabaki na binti zake, na Khayun atakuwa mlezi wao. Hawakumwekea sharti lolote kuhusu ndugu yake. Haikuhitajika.

Chasib akawasha skrini. Chaneli ilikuwa nyeupe, na safari hii ilikuwa nyeupe kweli. Wateja walishaondoka mmoja mmoja, nani anataka mtandao wa mtu kama yule? Kwenye orodha lilibaki jina moja, aliloliandika yeye mwenyewe siku alipolifunga lile dishi: Dada. Hakuna aliyekumbuka kulichomoa, na mawimbi yake yalikuwa yamejaa, hayakatiki hata kidogo.

Alitafuta kile kisanduku cha hodi. Akakirudishia tiki. Kisha akachukua simu yake iliyobaki pale, kioo kimepasuka, na kwa kidole kisichokuwa na kucha akaandika, maana kusema hawezi.

*Hodi, dada.*

Tiki moja. Tiki mbili. Zikawa buluu.

Alingoja. Yule mtu ambaye hakungoja jibu maishani mwake aliketi kwenye zege la moto na kungoja. Kwenye skrini ikatokea *anaandika*. Ikapotea. Ikatokea tena, na Chasib akajikuta anatoa sauti kupitia waya za taya, sauti ya mtoto. Ikapotea.

Akainua macho. Upande wa kusini, kwenye paa la pembeni, alionekana mwanamke mwenye nguo nyeusi amesimama kwenye nguzo ya madishi. Alikuwa na spana. Alifungua parafujo taratibu, bila hasira yoyote, kama anayeanua nguo zilizokauka. Akalishusha dishi moja, akaliegemeza kwenye ukuta, akashuka ngazi. Kwenye orodha jina likafifia, kisha likaondoka.

"Abu Ghayib!" askari aliita kutoka chini. "Umemaliza?"

Chasib alikuwa bado anasikiliza.